Upepo wa Siku Ile Morozu

Tsukuba, 12 Oktoba 2014

Kaka Tatsuji,

Salamu nyingi. Huku vuli imeingia. Asubuhi naendesha baiskeli kwenda kazini vidole vikiwa ganzi, na miti ya barabarani imeanza kugeuka manjano. Sijui kwenu kaskazini kukoje. Nadhani mmeshaanza kulala na nguo zote mwilini. Soksi za sufu zilifika? Mama alizifuma mwenyewe. Kama askari wa gereza wamezizuia kwa ajili ya rangi yake, niambie nimtafutie uzi wa kijivu.

Mama hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi za hekaluni, lakini habari ya mkongojo hataki kuisikia. "Mkongojo ni wa wazee," anasema, naye ana miaka sabini na nne. Nyumba yetu ya wageni bado imefungwa. Kibao cha mlangoni amekishusha, akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kabatini. Chenza za mlimani zimezaa sana mwaka huu. Mchumaji hakuna, basi nyani wa Morozu wananenepa.

Kila barua unaniuliza kazi yangu hasa ni nini, kisha unanitania kuwa nalipwa kwa kuota ndoto. Ngoja nijaribu tena. Kuna watu wanataka kurusha setilaiti yenye leza. Leza itapiga mwale kuja chini, mwale ugonge vumbi na chembe za hewa zinazokwenda na upepo, urudi juu ukiwa umebadilika kidogo, na kwa badiliko hilo tujue upepo una kasi gani. Nchi kavu tuna puto za kupimia upepo. Katikati ya bahari kuu hatuna kitu, tunabahatisha. Ila setilaiti yenyewe haijajengwa, ni ghali mno, na serikali inauliza: mkishaipata, utabiri utakuwa bora kweli? Mimi ndiye ninayetafuta jibu. Nachukua siku iliyopita, natengeneza kwa kompyuta vipimo ambavyo setilaiti ingevipata kama ingekuwa juu siku hiyo, naviingiza kwenye utabiri, halafu naangalia kama utabiri umeona kilichokuja.

Mkuu wangu, Bwana Kuwajima, ametaka dhoruba sita za pwani yetu ambazo utabiri ulizikosa. Nimeshachagua tano. Ya sita nataka iwe ile iliyopindua boti yako.

Kama hutaki, sema.

Mdogo wako,
Nagisa


Gerezani, 20 Novemba 2014

Nagisa,

Soksi zilifika. Za buluu, na zimepita. Mwambie mama miguu yangu sasa ina heshima kuliko mimi.

Mimi mzima. Theluji ya kwanza imeanguka juzi. Wamenihamishia karakana ya useremala. Natengeneza droo za makabati. Droo ikikwama tu unairudia, na msimamizi wetu ana sikio, anaivuta amefumba macho. Tunakula wali uliochanganywa na shayiri, supu ya miso, na Ijumaa kipande cha samaki ambacho mama angempa paka, na paka angeuliza kulikoni.

Nimemsomea barua yako mwenzangu wa chumbani, Bwana Gonda, aliyefungwa kwa kuwauzia watu viwanja vilivyo chini ya maji. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Yaani dada yako anapima upepo uliokwisha pita, kwa chombo ambacho hakipo, na serikali inamlipa? Na aliyefungwa kwa utapeli ni mimi!" Tukacheka mpaka tukakaripiwa.

Mwambie mama asijaribu kuja. Wewe pia. Safari ni ndefu, na mnachokuja kukitazama kiko nyuma ya kioo.

Chenza ziacheni nyani wale.

Tatsuji

Nimesahau kukuuliza: dhoruba tano hazitoshi?


Tsukuba, 8 Februari 2015

Kaka,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka mwezi mzima. Nilikwenda Morozu kwa sikukuu. Mama alipika supu ya mochi, vitonge vya mchele, akaniwekea vipande viwili, kisha akakaa ananitazama nikila kana kwamba nawalia watu wawili. Aliyekuja kutupa mkono wa mwaka mpya ni muuza barafu peke yake. Wengine wanatusalimia, si kwamba hawatusalimii. Wanatusalimia huku wanatembea.

Niliona ulichoandika chini ya jina lako. Nimefanya hivyo hivyo. Nisamehe, na usome mpaka mwisho.

Jioni ya kuamkia siku ile, utabiri ulisema upepo wa wastani na mawimbi ya kawaida. Bandari nzima ya Morozu ilitoka alfajiri. Wewe ulikwenda mbali kuliko wote, kwenye mwamba wa Kurose, na wateja watatu waliokuja kuvua kwa starehe. Kabla ya mchana redio ikatoa onyo. Waliokuwa karibu wakawahi kurudi. Ninyi hamkuwahi. Wateja wote watatu wakafa maji, na wewe ukaokotwa umekumbatia sanduku la barafu. Mahakamani waliposema ulipokea onyo na hukung'oa nanga mara moja, wakakuuliza ni kwa nini, ulisimama ukasema, "Sina la kusema." Mama mpaka leo hutaja maneno hayo matatu kama mtu anayetaja ugonjwa.

Sasa sikiliza. Dhoruba yenu ilizaliwa jioni ile, kusini, juu ya bahari mahali ambapo hapana puto, hapana meli, hapana kitu. Nikaipitisha setilaiti yangu ya kubuni juu ya mahali pale saa za jioni. Nikauingiza upepo wake katika utabiri. Kaka, dhoruba ikatokea! Iko pale kwenye ramani ya jioni, ndogo, imejikunja kama konokono, na kufika asubuhi imekaa juu ya Kurose kabisa. Kwa ramani ile bandari ingefungwa kabla hujaamka. Hakuna boti ambayo ingetoka, yako wala ya mwingine.

Nilirudia, nikapata vile vile. Nilitoka nje nikazunguka bwawa la taasisi bila koti.

Kosa lilianza kabla yako. Lilianza kwenye tundu lililo katikati ya bahari ambalo hakuna aliyewahi kulipima. Sijui kama hili linakusaidia chochote huko uliko. Mimi limenisaidia.

Nagisa


Gerezani, 3 Machi 2015

Nagisa,

Barua yako ilichelewa kwa mkaguzi wa barua. Inaelekea hakuelewa leza ni kitu gani, akadhani ni mpango wa kutoroka. Aliniita nikamweleza, nami nikamweleza vibaya, akachoka akanipa.

Nimeisoma mara nyingi.

Sina mengi. Nataka ujue kwamba nimelala. Tangu nije hapa nilikuwa nalala kama abiria, jicho moja wazi. Usiku ule nililala mpaka kengele ya asubuhi, Bwana Gonda akanitikisa akidhani nimekufa.

Kuna jambo nimelifanya. Mkubwa wa wale watatu, mzee Oribe, aliacha mtoto wa kiume anaitwa Shun. Wakati wa kesi alikuwa anakaa safu ya mbele, hasemi kitu, ameshika kofia ya baba yake. Wakili alinishauri niandike barua za kuomba radhi kwa familia zote, nami niliandika, za maneno yale yale ambayo kila mtu anaandika. Sasa nimemwandikia Shun barua ya kweli. Nimemweleza ulichogundua, kwamba siku ile hakuna mtu aliyeweza kujua. Sikukutaja jina, nimesema wataalamu wamechunguza.

Ahsante, mdogo wangu. Sikuwahi kukwambia neno hilo tangu ulipokuwa unanibebea ndoo ya chambo.

Tatsuji


Tsukuba, 10 Aprili 2015

Kaka,

Salamu za majira ya kuchipua. Maua ya cheri yalichanua wiki iliyopita na mvua imekwisha kuyaangusha, vijia vyote vya taasisi ni vya waridi na vinateleza. Mama hajambo, goti limepata nafuu kwa joto. Mimi mzima, kazi nyingi.

Nafurahi umelala.

Jitunze sana na mabadiliko ya hewa.

Nagisa


Gerezani, 2 Juni 2015

Nagisa,

Hujambo? Huku sisi mvua za mwanzo wa kiangazi, mbao zinavimba, droo zote zinakwama na msimamizi ananuna. Bwana Gonda ametoka. Aliniaga kwa kunipa anwani yake. Nimeitazama, sidhani kama nyumba hiyo ipo. Chumba kimekuwa kikubwa ghafla.

Shun amejibu. Karatasi moja, mwandiko mzuri. Anasema tangu baba yake afe alikuwa na hasira ambayo hajui aiweke wapi, kazini anaibeba, nyumbani anaibeba, na kama ni kweli hakuna aliyeweza kujua, basi atajaribu kuitua chini. Mwishoni ameandika, "Naomba unitumie ripoti ya wataalamu hao." Nifanyeje? Unaweza kumtumia?

Jambo jingine. Aprili umeniandikia maua ya cheri. Mei umeniandikia kadi ya picha ya mlima, umeuliza afya yangu na kunieleza afya yako. Barua zako zinanukia duka la kadi. Mimi nakujua tangu hujaota meno. Ulipovunja taa ya boti ya baba, ulikaa wiki nzima unamsaidia mama kuosha vyombo bila kutumwa.

Umevunja nini?

Tatsuji


Tsukuba, 19 Julai 2015

Kaka Tatsuji,

Salamu. Mama hajambo. Joto kali, nyenje wanalia mpaka mtu hasikii mawazo yake. Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena nikaichana. Hii iwe vyovyote itakavyokuwa, naitia posta.

Leza haipenyi wingu nene. Hilo linajulikana, na tunapoiga setilaiti lazima tuseme mawingu yalikuwa wapi, ili miale itakayozuiwa izuiwe. Mawingu nilikuwa nayatoa kwenye utabiri wenyewe wa jioni ile. Ndivyo tunavyofanya siku zote na kwa kawaida haileti shida. Lakini utabiri wa jioni ile ndio uliokosa dhoruba, na usipoiona dhoruba huyaoni na mawingu yake. Kwa hiyo nikaipa leza yangu anga safi mahali ambapo siku ile palikuwa na wingu zito kama godoro.

Niligundua katikati ya Machi. Nilikuwa natafuta picha nzuri ya kuweka mwanzoni mwa ripoti. Nikachukua picha halisi ya anga ya jioni ile, iliyopigwa na setilaiti ya kawaida, nikaiweka kando ya picha yangu. Pale miale yangu ilipokuwa inashuka kwa raha mpaka baharini, picha halisi ilikuwa nyeupe tupu.

Nikarudia jaribio kwa mawingu ya kweli. Leza ikapima upepo wa juu ya mawingu tu, na juu kulikuwa shwari. Dhoruba haikutokea kwenye ramani. Upepo ukaongezeka kidogo sana, si wa kufunga bandari. Mngetoka tu, Kaka. Wote mngetoka.

Barua yako ya kulala ilikuwa imefika wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimeibandika juu ya meza.

Ningekuwa nimekuficha mpaka leo kama si kikao cha wizara. Bwana Kuwajima alitaka dhoruba ya Morozu ndiyo ifungue maelezo. Ilikuwa ndiyo pekee kati ya sita yenye ramani inayomfanya mtu avute kiti mbele. Nilikwenda ofisini kwake nikamweleza habari ya mawingu. Akasikiliza, akamimina chai, akasahau kuinywa.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

"Mimi na wewe."

"Nyingine tano zikoje?"

"Nimezirudia kwa mawingu ya kweli. Moja imepungua kidogo. Nne zimesimama, lakini ni ndogo ndogo."

"Ndogo ndogo haziwafanyi watu watoe fedha za setilaiti." Akageukia dirishani. "Hii leza naingoja tangu nywele zangu nyeusi, Bi Hamaguchi. Tukiweka maelezo madogo chini ya ramani, kwamba mawingu yana mashaka? Kila mtu huipendelea setilaiti yake kidogo."

"Mimi sikuipendelea setilaiti," nikasema. "Nilimpendelea kaka yangu."

Hakuwa anajua. Pwani yetu akina Hamaguchi wamejaa kama kokoto, hakuwahi kufikiri. Nikamwambia yote nimesimama, kwamba nahodha wa boti ile ni nani, na yuko wapi, na kwamba nilipoona ramani ile ya kwanza sikuigusa tena kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia. Nyingine zote nilizikagua kama adui. Ile niliipokea kama mgeni.

Akavua miwani, akaikunja. "Itoe," akasema. Halafu, nilipofika mlangoni: "Na wewe usije kikaoni. Unaelewa ni kwa nini."

Naelewa. Ananitendea haki, na hajanitangaza kwa mtu. Lakini watu wa ofisini wamehisi kitu, hawajui nini, na mtu asiyejua huweka kiti chake mbali kidogo ili awe salama.

Shun Oribe. Ripoti aliyoiomba haipo. Nimefikiri nimwandikie mimi. Niambie nifanye hivyo na nitafanya leo leo. Mimi ndiye niliyekupa maneno yale na wewe ukampa yeye, na sasa ametua mzigo wake juu ya kitu ambacho hakipo.

Sikuombi unisamehe. Naomba uniandikie.

Nagisa


Tsukuba, 25 Septemba 2015

Kaka,

Sijapata barua. Nimepiga simu gerezani kuuliza kama unaumwa. Wamesema mfungwa ni mzima na barua zangu amepewa.

Kwa hiyo ni wewe, si posta. Sawa.

Mama amefungua madirisha ya nyumba ya wageni, ya juu tu, kuingiza hewa, anasema. Amefua mapazia yote. Nilimuuliza nani anakuja, akasema, "Mapazia yakifuliwa lazima aje mtu?"

Ripoti imekwisha kwenda. Namba nimezikagua zote, moja moja, na wengine wamezikagua. Jibu letu ni hili: leza ingesaidia, kidogo, siku nyingi, mahali pengi, hasa juu ya bahari zisizo na vipimo. Haina muujiza. Mahali penye mawingu mazito haioni. Wizara imesema itafikiria. Bwana Kuwajima alirudi kutoka kikaoni akaniwekea mezani keki moja ya maharage matamu, akaenda zake bila neno. Chakula cha mchana nakula kwenye ngazi za nyuma, pana upepo mzuri na hapana mtu wa kumuuliza kama nafasi ina mwenyewe.

Niandikie hata tusi. Tusi halikaguliwi sana, ni rahisi kueleweka.

Nagisa


Gerezani, 14 Novemba 2015

Nagisa,

Baridi imerudi. Mimi mzima, kikohozi kidogo. Wamenipandisha daraja, sasa nafundisha wapya kupiga randa. Mwambie mama ahsante kwa fulana, na mwambie mapazia nimesikia.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuchukia. Nakwambia kwa kuwa umeniomba hata tusi. Barua yako ya Julai niliisoma karakanani nikarudi kwenye droo, nikaipiga randa mpaka ikawa haifai. Nilikuwa nimekuomba uiache dhoruba ile. Ukaichukua, ukanipa usingizi, kisha ukaja kuuchukua usingizi wenyewe. Kwa wiki nyingi nilikuwa naandika barua kichwani, kila moja inakuumiza kuliko iliyotangulia. Sikuzitia kwenye karatasi. Tunapewa karatasi chache.

Hasira ilipopoa nikaona jambo ambalo nililijua tangu siku ya kwanza. Hata ramani yako ingekuwa ya kweli isingenifaa. Wewe ulikuwa unatafuta kama mtu angeweza kujua jioni. Mimi nilijua kabla ya mchana, redio iliniambia, na nikakaa.

Usimwandikie Shun, nimemwandikia mwenyewe. Nimemweleza kwamba uchunguzi ule ulikuwa na kasoro na walioufanya wameukana wenyewe. Nikamwambia asihangaike kutafuta ripoti, haipo. Nikamwambia hasira yake aichukue, ni haki yake, na kama hana pa kuiweka aniletee mimi, sina shughuli nyingi.

Hakujibu. Agosti ikaisha, Septemba ikaisha. Nikasema basi.

Jumanne iliyopita askari akanifungulia, "Una mgeni." Nikadhani ni wewe, nikaanza kukasirika njiani kabla sijafika. Nikaingia, nikamkuta Shun Oribe nyuma ya kioo, suti nyeusi, mikono kwenye mapaja. Amenenepa kidogo tangu kesi. Askari kama kawaida kakaa pembeni na kalamu, anaandika tunachosema.

Askari akatazama saa. Hapo Shun akaanza, bila salamu.

"Baba yangu nilikuwa naenda naye kuvua tangu mdogo," akasema. "Samaki wakiwa wanakula, alikuwa haondoki. Mama alikuwa anampigia simu, anazima. Siku moja tulinyeshewa na mvua ya mawe mimi nalia, naye anasema, 'Mmoja tu, Shun, mmoja wa mwisho.' Namjua baba yangu."

Shun akasogea karibu na kioo.

"Redio ilipotoa onyo," akasema, "ni baba aliyekuomba mbaki?"

Nagisa, hili hakuna aliyewahi kuniuliza namna hiyo. Mahakamani waliniuliza kwa nini nilichelewa. Wewe hukuniuliza kabisa. Ulikwenda kuuliza anga. Mama anaogopa. Nami niliapa ndani ya maji yale, na lile sanduku mikononi, kwamba walioko chini hawatasemwa na mimi niliyeelea.

Nilimtazama. Ana macho ya mzee yule yule, madogo, yanayoanza kucheka kabla ya mdomo, ila yake hayakuwa yanacheka.

Nikamwambia, "Nahodha nilikuwa mimi."

"Hujanijibu."

"Nimekujibu. Abiria ana ruhusa ya kuomba lolote. Ndiyo maana boti ina nahodha."

Akainamisha kichwa. Nikaona mabega yake yanatikisika, askari akaacha kuandika. Ukumbi ule hauna hata dirisha la kutazama nje mtu akaone haya kwa utulivu. Alipoinua uso aliufuta kwa kiganja, kama watoto wanavyofuta, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Alipata?"

"Alipata nini?"

"Samaki. Siku ile. Alipata chochote?"

"Kolekole," nikamwambia. "Mkubwa hivi." Nikapima kwa mikono, mikono ikagonga kioo. "Alivutana naye mpaka wenzake wakaacha kuvua wakawa wanamshangilia. Alipomwingiza ndani ya boti alimkalia juu ili asiruke, suruali yote maji, anapiga kelele, 'Pigeni picha, mwanangu hataamini!' Simu zilikuwa zimelowa. Hakuna aliyepiga."

Shun akatazama mahali mikono yangu ilipokuwa kwenye kioo, kushoto, kisha kulia. Akainua mikono yake akaiweka pale pale, upande wake, kipimo kile kile.

"Muongo," akasema. Na alikuwa anacheka. "Mkubwa hivyo?"

Askari akasema muda umekwisha.

Kaka yako,
Tatsuji